Nyekundu ya Jicho la Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe la mtu mwingine, refu hadi chini ya magoti, nikaambiwa nikae kwenye stuli na nisiguse kitu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka kumaliza kidato cha nne Temeke. Mama alizoea kusema mie nimezaliwa na sauti nusu, nusu nyingine ilibaki kwake, na kweli, ukinisalimia nilikuwa najibu ukiwa umeshapita. Nilichojua kukifanya vizuri ni kuandika. Nilikuwa na kaunta buku langu la jalada jeusi, kila jioni naliandikia kama mtu anayemwandikia rafiki. Haya ninayowasimulia nyie mnaoingia kazini leo nimeyatoa humo, na pale nilipoandika kitu cha aibu nimekiacha kama kilivyo.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, bidhaa zimeanza kurudi madukani, na hospitali ilikuwa imepata msaada wa mtambo wa kupima neva. Dirisha lilizibwa kwa mapazia meusi mawili, kwa sababu kipimo kimoja kilitaka giza. Tulikuwa wawili tu: mie na Fundi Mkuu, mzee mrefu wa bara aliyekuwa anatembea na kalamu nne mfukoni na hamwazimi mtu hata moja.

"Binti," aliniambia siku ile ya kwanza, "neva ni waya. Waya una shaba ndani na ganda nje. Ganda likichubuka, umeme unafanyaje?"

"Unavuja."

"Nani kakusikia? Mie? Huyu mtambo?"

"Unavuja, mzee!"

"Haya. Na ganda la neva likichubuka, habari inachelewa njiani. Kazi yetu ni kupima inachelewa kiasi gani. Hatutibu, hatutoi pole, hatuulizi mtu kalala vipi. Tunapima."

Vipimo vilikuwa viwili. Cha mikono na miguu alikifanya mwenyewe. Unaigusa neva kwa umeme kidogo, kidole kinaruka, mtambo unahesabu habari imetumia muda gani kutoka hapa hadi pale. Cha macho alinifundisha mie. Mgonjwa anakaa gizani mbele ya televisheni ndogo yenye miraba myeusi na myeupe, drafti kabisa kama ile ya vijiweni, isipokuwa hii miraba yake inabadilishana, nyeusi inakuwa nyeupe na nyeupe inakuwa nyeusi, tena na tena. Unafunika jicho moja, anatazama kwa lingine. Kisogoni, ambako ubongo unapokea habari za macho, unabandika vikombe vidogo vya fedha vyenye nyaya. Tuliviita elektrodi. Mtambo unakusanya majibu ya ubongo mara mia, unayajumlisha, na kwenye karatasi kunatokea wimbi lenye kilele. Kwa jicho zima kilele kinakuja baada ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kikichelewa, ganda la neva ya jicho limeguswa.

Kwa ajili ya ile miraba, hospitali nzima waliniita Drafti. "Drafti, leo umemla nani kingi?" Wauguzi wananitania koridoni, mie natazama viatu vyangu napita. Mchana nilikula chapati yangu palepale kwenye stuli, mapazia yamefungwa. Sikuwa nachukiwa na mtu. Ni kwamba kwenye kipimo hairuhusiwi kuongea, mgonjwa akitikisa taya tu wimbi linaharibika, na mtu ukishazoea kunyamaza saa nane kwa siku unajikuta hata nje unasubiri mtu akuruhusu.

Kilichotusumbua kuliko kitu chochote kilikuwa mafuta. Watu wetu haendi mtu hospitali ovyo. Anaoga, anavaa nguo ya kutokea, na kichwa anakipaka mafuta ya nazi mpaka kinang'aa, asije akaonekana katelekezwa kwao. Na kikombe cha elektrodi hakishiki kwenye mafuta. Kinateleza, wimbi linakuja limechoka, limechelewa, au haliji. Fundi Mkuu alikuwa na usemi wake: kichwa chenye mafuta hakitoi ushahidi. Kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kuwaambia watu wazima wavue kofia, wafumue nywele, niwapanguse kwa pamba na spiriti. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu, umeme wenyewe haukuwa kitu. Kuna mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, nimesukwa jana kutwa kwa ajili ya kuja kwenu, leo unanifumua?" Nikashindwa. Nikabandika hivyohivyo, wimbi likawa takataka, Fundi Mkuu akanirudisha nikamfumue mbele yake.

Nilipokuwa na miezi saba kazini, bado katika muda wa majaribio, akaja kaka Shomari.

Alikuwa mchora mabango, karakana yake Kinondoni, nyumbani kwake Mtoni. Miaka ile kila mtu anafungua duka, na kila duka linataka jina, kwa hiyo kazi zilimwangukia. Sasa mkono wa kulia ulikuwa unamwacha. Kiganja kilining'inia kwenye kifundo, ukimwambia akiinue anakitazama tu kama kitu cha jirani. Wa kushoto nao ulikuwa umeanza kwenye vidole. Cha ajabu, hisia zilikuwa nzima. Ukimgusa kwa sindano anaruka na kutukana kidogo kisha anaomba radhi. Daktari Bingwa wetu wa neva alikuwa anashuku ule ugonjwa wa neva za mwendo usio na tiba, ule unaokausha misuli mpaka ya pumzi. Akaandika vipimo vyote vifanyike, hata cha macho, ili faili likamilike.

"Shikamoo kaka. Naomba… kofia."

"Marahaba. Sema kwa sauti mdogo wangu, mie ugonjwa wangu si wa masikio." Akavua kofia kwa mkono wa kushoto. Kichwa kimenyolewa kwa wembe, kikavu. Nikapangusa kwa spiriti kama nilivyofundishwa, na pamba ikatoka nyeupe kama ilivyoingia. Jambo hilo liko kwenye daftari langu siku ileile: *pamba nyeupe*.

Nilipokuwa nabandika elektrodi akaanza kuongea, na kwa kuwa kipimo kilikuwa hakijaanza sikuwa na sababu ya kumzuia.

"Hivi hili dude lako linaona na rangi?"

"Hapana kaka. Nyeusi na nyeupe tu."

"Basi halitaona maajabu yangu. Miezi miwili iliyopita nachora bango la duka la redio, pale Kinondoni barabarani. Vumbi la mbao likaniingia jicho la kulia. Nikalifunga kwa leso, nikamalizia kwa la kushoto, mteja ana haraka. Kesho yake mwenye duka ananifokea, eti bango lake lina nyekundu mbili! Nakwenda kutazama, kweli. Ndipo nikajua. Nyekundu ya jicho la kushoto imechuja, mdogo wangu, kama kanga iliyofuliwa mara mia. Nilipokuwa natazama kwa hilo jicho naiona hafifu, naongeza rangi, naongeza."

"Daktari umemwambia?"

"Daktari kaniuliza mikono."

Nikazima taa. Jicho la kulia, kilele kikaja kwa wakati wake. Jicho la kushoto kikachelewa. Nikarudia. Kikachelewa palepale. Nikabadilisha vikombe, nikaangalia nyaya, nikarudia mara ya tatu, na ule mlima ukasimama tena mahali pabaya, mzuri na mpana, umechelewa bila haya. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kile kwenye kichwa kisafi.

Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya namba, haikuwa na nafasi ya maneno ya mgonjwa. Nikaandika namba. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miezi saba, nikapeleka majibu mwenyewe, kwa sababu Fundi Mkuu alikuwa amekwenda kufuatilia dizeli ya jenereta.

Daktari Bingwa alikuwa mtu mpole mwenye wagonjwa wengi kuliko saa za siku. Alitazama karatasi akiwa amesimama.

"Jicho limechelewa? Binti, ugonjwa wa neva za mwendo haugusi macho. Haya ni mafuta. Umepima mafuta ya nazi. Andika hakikukamilika, uendelee na wengine."

Nilikuwa na jibu, maneno mawili tu: nilimpangusa, Daktari. Sikuyatoa. Nikawaza muda wa majaribio. Watu walikuwa wanapunguzwa kazini kila idara, na Fundi Mkuu alikuwa amenidhamini. Nikawaza nani mimi. Nikachukua fomu mpya, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: *Kipimo hakikukamilika. Mafuta kichwani.* Nikatia sahihi. Ile karatasi ya wimbi ilitakiwa kwenda kwenye pipa. Sikuitupa. Nikaenda nayo nyumbani, nikaibandika kwenye kaunta buku kwa gundi ya unga, na chini yake nikaandika maelezo marefu ya jinsi nilivyokuwa mwoga. Nilijiona kama mtu aliyetubu, kumbe nilikuwa nimeliambia daftari tu.

Na mikono? Fundi Mkuu alikuwa ameipima kutoka kifundo hadi kiwiko, kama desturi, foleni ilikuwa ndefu, na hapo neva ilikuwa inapitisha habari kwa kasi nzuri. Kwa hiyo kila kitu kikaelekea kwenye ule ugonjwa usio na tiba. Baada ya wiki mbili mke wake, Mama Tatu, alikuja kuchukua barua. Alinikuta koridoni.

"Binti, eti hapa wameandika nini? Wameniambia nikamuuguze nyumbani. Nyumbani kuna dawa gani?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua kusoma.

Miezi mitatu ikapita. Niliiandika karibu yote. Nilikuwa nafungua ule ukurasa, naufunga, na kila siku nimepata hoja mpya ya kujitetea: labda Daktari yuko sahihi, labda mtambo ulilegea, labda spiriti ilikuwa mbovu. Nani angenibishia? Sikuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza.

Jumamosi moja mama akanituma Kinondoni kwa shangazi. Nikapita mbele ya duka la redio. Sikuwa nimelitafuta. Juu ya mlango kuna bango jeupe, DUKA LA REDIO NA PASI, na maneno mawili ya kwanza yalikuwa mekundu safi kama pilipili. Kuanzia REDIO rangi ikazama, ikawa nzito, imerudiwa na kurudiwa, karibu na kahawia. Palikuwa na mpaka kabisa, kama mstari. Nikasimama upande wa pili wa barabara nikalitazama mpaka muuza duka akatoka.

"Dada, unanunua pasi au unapiga ramli?"

Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Bango halipakwi mafuta ya nazi. Yale uliyoyaona mtambo gizani, mkono wa kaka Shomari ulikuwa umeshayaandika mchana, barabarani, kwa herufi kubwa, na watu wote wamepita wanacheka.

Jumatatu nilifika na kaunta buku kwapani. Fundi Mkuu akaniuliza naenda wapi na daftari, nikapita bila kumjibu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Daktari Bingwa alikuwa na wanafunzi wanne. Nilipofungua mdomo sauti ilitoka kubwa kupita kiasi, mpaka mmoja akaruka.

"Daktari, yule mchora mabango hakuwa na mafuta kichwani. Kanyoa kipara. Nilimpangusa na pamba ilitoka nyeupe. Nilirudia mara tatu. Niliandika uongo."

Akavuta daftari, akatazama lile wimbi lililobandikwa kwa gundi ya unga, kisha, bila kuniomba ruhusa, akasoma na maneno ya chini. Alisoma yote.

"Nani alikwambia uandike mafuta?"

"Ni wewe, Daktari. Lakini mkono ni wangu."

Wanafunzi wakatazama sakafu. Yeye akakaa chini, na nilikuwa sijamwona akikaa tangu nimjue. Akasema polepole, kama anawafundisha wale wanafunzi lakini anajiambia mwenyewe, kwamba kuna ugonjwa mwingine unaofanana na ule usio na tiba kama pacha. Huo, kinga ya mwili inageuka, kama mgambo anayepiga wenye mtaa, inashambulia ganda la neva za mwendo, sehemu moja hapa, nyingine pale, hisia zinabaki. Vitabu vyake vilisema macho hauyagusi. Lakini jicho lililochelewa maana yake ganda limeguswa, na ule usio na tiba hauli ganda. "Huu," akasema, "unatulizwa. Anakaa wapi?"

"Mtoni, Daktari."

"Nenda kamlete. Leo."

Nilimkuta uani kwenye mkeka, Mama Tatu anamlisha uji. Brashi zake zilikuwa ndani ya kopo moja tu dogo, nyingine ameshazigawa kwa wachoraji wenzake. Mkono wa kulia ulikuwa umekonda katikati ya dole gumba na kiganja mpaka pamekuwa shimo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, sikukubali kiti.

Kwanza akacheka. "Mafuta? Mie? Mama Tatu, unasikia? Nimesingiziwa mafuta! Nanyoa kipara tangu jandoni, hayo mafuta yakae wapi, kwenye kope?" Kisha kicheko kikaisha, na hakikuisha kwa taratibu. "Miezi mitatu, mdogo wangu." Akageuza uso akautazama ukuta.

Mama Tatu akaweka bakuli chini. "Binti, ulikuwa unaogopa nini?"

Nimestaafu na sijapata jibu ambalo ningeweza kumpa mwanamke yule mbele ya bakuli lile.

Fundi Mkuu akampima upya, safari hii kutoka kifundo hadi kwapani na hadi shingoni, asubuhi nzima. Juu ya kiwiko, neva ya mkono wa kulia ilikuwa imeziba. Habari zinafika pale zinakwama, nusu na zaidi hazipiti. Ndicho tunachokiita kizuizi cha mkondo, ndiyo alama ya ugonjwa ule. Alipoondoa elektrodi, akaniambia bila kunitazama, "Na mie nilipima nusu." Ndiyo mara pekee nilimsikia akikiri kitu. Siku hiyo aliniazima kalamu.

Kaka Shomari alilazwa, akawekewa dawa za mshipani za kuituliza kinga. Mkono wa kushoto ulirudi wote. Wa kulia ulirudi hadi kifundo. Vidole havikurudi, misuli yake ilikuwa imeshakauka katika ile miezi niliyokuwa naandika shajara. Jicho halikupona wala halikuzidi. Daktari aliniambia kwamba wiki kadhaa mapema zingeweza kuokoa vidole. Alisema *zingeweza*. Aliniambia kwa upole, na mie nimelibeba neno hilo kwa uzito wake wote.

Muda wa majaribio uliisha, wakanithibitisha. Baadaye mgao wa umeme ulipozidi mtambo ukalala miezi, Fundi Mkuu akastaafu akarudi kwao bara, nikaongoza chumba. Nikapelekwa masomoni, nikarudi, nikafundisha. Katikati ya miaka ya tisini hospitali za watu binafsi zilipoanza kuota nilichukuliwa na moja ya Kinondoni, kisha ya Boko, mitambo mipya, skrini za rangi, vikombe vya kubandika na kutupa. Sikuolewa. Waliokuja walikuwa watu wazuri, nikawa najibu wakiwa wameshapita. Lakini kwenye kazi nilikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wangu wote waliichoka: kabla taa haijazimwa, muulize mgonjwa yeye mwenyewe anaona nini, uandike kwa maneno yake, na kama fomu haina nafasi geuza nyuma.

Mwaka uliofuata baada ya matibabu yake, nikiwa gizani na mgonjwa, nilisikia kitu kinaegemezwa mlangoni. Nilipotoka hapakuwa na mtu. Palikuwa na kibao cha mbao, cheupe, kimeandikwa kwa nyekundu: KIPIMO CHA NEVA NA MACHO. Nilikuwa nimepata kumwomba Mama Tatu amwambie mlango wetu hauna jina. Herufi zilikuwa zimelala kidogo, kama za mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto, lakini nyekundu ilikuwa moja mwanzo hadi mwisho. Na chini, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyemwagiza, aliongeza: MGONJWA ASEME KWANZA. Hakungoja kusalimiana. Sijui ilikuwa zawadi au ilikuwa hukumu, na hakupita tena nikapata kumuuliza. Kile kibao nilihama nacho kila kituo.

Nilipostaafu kwa hiari waliniuliza nataka niagwe kwa zawadi gani. Nikasema bisibisi. Nikakifungua kibao mwenyewe mlangoni. Sasa kiko Chanika, kwenye ukuta wa sebule yangu, mbele ya kiti changu. Nyumba ni mpya, majirani bado hatujazoeana, siku nyingine inafika adhuhuri sijasema neno. Asubuhi nikishanywa chai nakitazama. Nafunika jicho la kulia kwa kiganja, natazama. Nafunika la kushoto, natazama. Mpaka leo nyekundu ni ileile. Nasema kwa sauti, ingawa hakuna anayesikia: "Ni ileile." Kisha nafungua daftari naandika.